Sahani Mbili za Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupima mtu hata mmoja. Nilipima maji.

Ilikuwa katika zahanati ndogo huko Issenye, na mimi nilikuwa nesi mpya mwenye gauni jeupe lililokuwa bado linanukia duka. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alinionyesha mizani ya mshale, akanipa dumu la lita ishirini.

"Lipime likiwa tupu, halafu lijaze," alisema. "Lita moja ya maji ni kilo moja. Mizani ikikuambia tofauti, inadanganya, na wewe utadanganya nayo watu wa kijiji kizima."

Nilipomaliza, alinipeleka kwenye benchi la wagonjwa akaniambia nikadirie uzito wa kila mmoja kwa macho kabla hajapanda. Nilikosea karibu wote. Kulikuwa na mama mmoja mnene wa mashavu. Nikasema kilo themanini. Alipovua sweta mbili na khanga tatu, mshale ukasimama hamsini na tatu, na miguu yake ilikuwa imevimba. Mganga Mfawidhi alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki palepale kama kwenye udongo mbichi.

"Hata hizo hamsini na tatu si zake," alisema. "Nyingine ni maji. Jicho lako limepima nguo, binti. Mtu mwenyewe hujamwona bado."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Mtu avue viatu, atoe vitu mfukoni, asimame wima bila kushika ukuta. Apimwe kwa mizani ileile, na ikiwezekana muda uleule wa siku. Urefu upimwe kisigino kikiwa kimegusa ubao. Kisha unachukua kilo zake, unazigawa kwa urefu wake kwa mita, unagawa tena kwa urefu uleule. Jibu likiwa kati ya kumi na nane na nusu na chini kidogo ya ishirini na tano, mtu mzima huyo kwa kawaida yuko salama. Asiyeweza kusimama tulimnyoosha mkono kitandani, tukapima kutoka katikati ya kifua hadi ncha ya kidole cha kati, tukazidisha mara mbili. Kipimo hicho kilitupa urefu wake wa kukisia. Unene wa mkono wa juu tuliupima kwa utepe.

Baadaye nilihamishiwa hospitali moja hukohuko Serengeti, chini ya Matroni aliyependa kuvuta kiti na kuongea na wagonjwa kuliko kuwaandikia. Kwake nilijifunza upande wa pili wa kazi, wa watu waliozidi. Tulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye magoti yalimkatalia kusimama darasani. Matroni hakumkataza ugali. Alimwambia aonyeshe ngumi yake, akasema, "Ugali wote wa mlo mmoja usizidi hiyo. Mboga ya majani, kama mgagani, jaza nusu ya sahani. Soda acha. Kwenda shule shuka kwenye bodaboda njiani, umalizie kwa miguu." Mwalimu alipungua taratibu, kilo mbili au tatu kwa mwezi, na baada ya mwaka magoti yakanyamaza.

Lakini nusura aache katikati. Ndugu zake walimjia wakilia. Kwetu mtu akikonda haulizwi amekula nini. Anaulizwa ni nani anamla.

Niliyasikia maneno hayo miaka mingi nikiyaona ya kuchekesha. Kisha nikahamishiwa Nyamongo, kwenye kituo cha afya, nikakutana na Masanja.

Masanja alikuwa mchimbaji mdogo kutoka upande wa Shinyanga, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole. Alikuwa amekuja kutafuta dhahabu pamoja na rafiki yake wa kijijini aitwaye Sita. Walipanga chumba kimoja Kewanja, karibu na machimbo, nyuma ya nyumba ya mama lishe aitwaye Mama Bhoke, na wakala kwake kila siku. Walishuka kwa zamu kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao. Siku moja duara lilijifunga Sita akiwa chini. Walichimba siku nne. Hawakumpata, na duara likaachwa hivyo.

Masanja alikuja kwangu miezi michache baadaye. Kadi yake ya zamani ilionyesha kilo sitini na nane. Urefu wake ulikuwa mita moja na sentimita sabini, kwa hiyo alikuwa mtu mwenye afya kabisa. Siku ile alikuwa hamsini na saba. Mwezi uliofuata, hamsini na nne. Uliofuata, hamsini na moja. Kilo tatu kila mwezi, bila kukosea, kama mtu anayegawa kitu kwa mpango.

Tulimpima kifua kikuu, hakuna. VVU, hakuna. Sukari, sawa. Nilimuuliza kuhusu chakula, nikitegemea kusikia kwamba majonzi yamemnyima hamu ya kula.

"Nakula, Sista," alisema. "Nakula sana."

Macho yake yalikuwa yamefunguka kupita kiasi. Weupe ulionekana juu na chini ya mboni, na katika mazungumzo yote sikumbuki kumwona akipepesa. Ilikuwa siku ya manyunyu, mimi nimevaa sweta, yeye shati limeloa jasho.

Wiki ileile alipofika hamsini na moja, Mama Bhoke akanijia. Hakukaa. "Sista, yule kijana wenu simwelewi. Tangu mwenzake afukiwe, anaagiza sahani mbili. Zote zinaisha. Na akimaliza anasema, 'Tumeshiba, Mama.' Tumeshiba! Wachimbaji hawataki tena kushuka naye. Wanasema anamlisha yule wa chini."

Nilimpelekea habari hiyo Daktari aliyekuwa mkuu wa kituo, mwanamke wa maneno machache. Hakuinua hata kichwa.

"Andika unachokiona," alisema. "Unachokisikia kiache barabarani. Nenda kaangalie anakula nini."

Hiyo pia ni sehemu ya kazi: unamuuliza mtu kila alichokula tangu jana saa kama hii, na ukiweza, unakaa naye anapokula. Nilikwenda Kewanja saa saba mchana, jua limewaka. Kibanda cha Mama Bhoke kilikuwa na meza tatu. Mbili zilijaa watu. Ya tatu alikaa Masanja peke yake.

Aliniamkia vizuri. "Shikamoo, Sista. Karibu, lakini usikae hapo."

Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yake. Nikakiachia, nikakaa pembeni.

Sahani mbili zililetwa, kila moja na ugali, dagaa na mboga. Moja aliiweka mbele yake, nyingine akaisukuma ng'ambo ya meza. Alikula haraka sana, mikono ikitetemeka, huku akijibu maswali yangu kwa adabu. Niliinama kuandika: ugali, kiasi, dagaa, kiasi. Sikuandika kwa muda mrefu, labda dakika moja. Nilipoinua kichwa, sahani ya ng'ambo ilikuwa imepungua karibu nusu, na ugali wake ulikuwa umemegwa kutoka upande wa kile kiti kitupu. Upande wa Masanja ulikuwa mzima, laini kama ulivyotoka kwenye mwiko.

"Anakula haraka kuliko mimi," Masanja alisema taratibu, kana kwamba ananiomba radhi.

Labda aliigeuza sahani. Mikono yake ilikuwa na kasi na mimi nilikuwa nimeinama. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini pale, na jua lote lile, nilisogeza kiti changu mbali na meza. Watu wa meza zile mbili walikuwa hawali. Walikuwa wananitazama mimi waone nitafanya nini.

Mama Bhoke alinisindikiza hadi barabarani. "Kuna mzee amesema tumnyime ile ya pili," alininong'oneza. "Yule mwingine akikosa ataondoka. Wewe ndiye mtaalamu wa chakula. Nifanyeje?"

Hapa ndipo nataka ninyi vijana mliosomea lishe mnisikilize, kwa sababu nimefanya kazi hii maisha yangu yote na jibu lilikuwa wazi. Mtu anayepungua kilo tatu kwa mwezi hapunguziwi chakula. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi nilijua. Lakini nilikuwa naogopa, na nilitaka kuondoka mahali pale.

Nikasema, "Mpe moja."

Sikumwambia Daktari. Kwenye daftari niliandika: anakula vizuri.

Siku kumi na tatu baadaye Masanja aliletwa na bodaboda, ameshikiliwa katikati ya dereva na mchimbaji mwingine. Alisisitiza kupanda mizani mwenyewe. Namba zikayumba, zikatulia: arobaini na sita. Niligawa kichwani nikapata chini ya kumi na sita, na kwa mtu mzima hiyo ni njaa inayoua. Nilikuwa bado natazama namba alipoanguka.

Nilimdaka shingoni. Kiganja changu kilikaa chini ya koo lake, na chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinavuma. Sikukisikia kwa sikio, nilikisikia kwa mkono, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nusura nimwachie. Kisha nikapiga kelele nikimwita Daktari.

Alikuja mbio, akapiga magoti, akaweka vidole vyake palepale. Alitazama yale macho, akashika mkono unaotetemeka, akahesabu mapigo ya moyo mpaka akaacha kuhesabu.

"Tezi," alisema. "Tezi ya shingo. Imevimba kwa ndani, ndiyo maana hatukuiona. Inafanya kazi kupita kiasi, inamchoma chakula chote kabla hakijawa nyama. Huyu anahitaji kula kwa watu wawili na bado haitoshi." Kisha akanitazama. "Kwa nini ameshuka kilo tano kwa wiki mbili?"

Nikamwambia. Daktari aliandika barua ya rufaa, akamkabidhi dereva gari la wagonjwa lilipofika.

"Sista," alisema hatimaye, "mimi sijui ulichokiona kule. Inawezekana uliona kweli. Lakini ungemshika shingo siku ya kwanza, ungeogopa mapema na angepona mapema."

Masanja alilazwa hospitali ya rufaa kwa majuma kadhaa. Aliporudi alikuwa na vidonge, na mimi nilipewa kazi ya kumrudisha kwenye uzito wake. Kuongeza uzito ni kazi ya subira sawa na kupunguza. Tulianza na kidogo mara nyingi: uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga asubuhi, yai, parachichi saa nne, ndizi za kupika, maharage, maziwa mgando kabla ya kulala. Kila Jumatatu mizani. Mwezi kwa mwezi ikapanda: arobaini na tisa. Hamsini na mbili. Hamsini na tano. Na sahani mbili mchana, kwa amri ya Daktari. Mama Bhoke alipika bila kuuliza.

Nilikaa naye siku moja tukisubiri zamu yake ya kuonana na Daktari, nikaona siwezi kuendelea kumpima bila kusema.

"Masanja, ile sahani ya pili, ni mimi niliyesema unyimwe."

Alitazama mikono yake. Ilikuwa imeacha kutetemeka.

"Nilijua, Sista," alisema. "Hata yeye alijua." Kisha akaongeza, "Siku duara lilipojifunga ilikuwa zamu yangu kushuka. Nilimwambia Sita naumwa tumbo. Sikuwa naumwa. Nilikuwa sijisikii kushuka tu. Sasa nitakulaje peke yangu?"

Nilimshika bega mpaka alipoitwa.

Alipofika kilo sitini na sita Daktari alimruhusu arudi kwao. Nilimweleza kwamba tezi ikitulia mwili hauchomi tena kama zamani, na akiendelea kula vilevile atazidi. Alisema ameelewa. Alinishukuru, akapanda gari.

Mimi nilistaafu muda si mrefu baadaye. Kabla sijaondoka Nyamongo nilikwenda kumuaga Mama Bhoke, na kwa kuwa sasa sikuwa tena na daftari, nilimuuliza kama siku ile Masanja aliigeuza sahani.

Alikuwa anafuta meza. Hakuacha. "Sista, wewe uliiona mara moja. Mimi nilikuwa naziosha kila siku, na alama za vidole kwenye ile ya pili hazikuwa upande wake."

Nikachukua mkoba wangu nikamuaga.

Sasa naishi Tarime. Vijana waliosomea lishe hunijia na simu zenye programu za kukokotoa, na mimi huwaambia hesabu ni nzuri, waifanye, lakini wasiiamini peke yake. Mzee aliyenyauka misuli anaweza kuonekana sawa kwenye hesabu. Mchimbaji mwenye misuli anaweza kuonekana amezidi. Zungusha utepe kiunoni. Bonyeza mguu. Shika shingo. Uliza amepungua kwa muda gani na kama alitaka kupungua. Na ukiogopa, andika kwamba uliogopa, maana woga usioandikwa ndio ulioniongoza mimi.

Masanja hunipigia simu mara mojamoja. Ameoa, analima mpunga. Mara ya mwisho alicheka akasema mkewe anamlalamikia kitambi. Nikarudi kazini palepale. Nikamwambia apime kiuno, apunguze ugali, atembee.

"Si ugali, Mama, ni soda," alisema. "Ugali ni sahani moja tu siku hizi."

Kisha kicheko kikaisha. Nilisikia anavuta pumzi.

"Nakula peke yangu."

Sikujua nimpe hongera au pole.