Masika Baba Aliponyamaza

Harufu ya sambaza wabichi, dagaa wa Ziwa Kivu, ndiyo inayonirudisha Gisenyi ya utoto wangu. Asubuhi za masika mtaa wetu ulinuka dagaa, moshi wa makaa na ule udongo mweusi wa volkano ulionyeshewa usiku kucha. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Tanzania, na baba alikuwa daktari wa watoto katika hospitali iliyo juu ya kilima. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno mengi. Mezani alituigizia sauti za majirani mpaka mama akapaliwa na chai, na mimi nikawa nasubiri chakula cha jioni kwa hamu kuliko sikukuu.

Masika hiyo, nikiwa darasa la nne, alilazwa mtoto aitwaye Divine kutoka kijiji cha Busasamana, wa umri wangu. Moyo wake ulikuwa umeharibika baada ya homa, na mapafu yalimjaa maji hata akawa analala ameketi. Alihitaji upasuaji Kigali, lakini kwanza ilibidi apate nguvu za kuistahimili safari. Kila jioni baba alituletea habari zake kama za ndugu: leo amekula uji, leo amecheka, leo ameuliza kama binti wa dokta anajua kuruka kamba. Sikuwahi kumwona, lakini nilimngoja kama mtoto anavyongoja binamu wa likizo.

Kisha habari zikapungua. Baba alianza kurudi kimya, akionja chakula na kukisukuma kando, halafu akatoka kukaa kwenye ngazi za nyuma. Mama alituambia tumwache apumzike. Jioni moja nilimfuata nikamuuliza kama Divine amepona. Alinipakata, ingawa nilikuwa nimeshakua.

"Amefariki leo asubuhi, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimemshika mkono. Mama yake alikuwa ananitazama, akidhani bado nina kitu kingine cha kumpa. Sikuwa nacho."

Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida, maana kitanda kile kilikuwa kimeshapata mtoto mwingine. Lakini nyumbani hakuigiza tena sauti ya mtu yeyote. Tulikula tukisikiliza mvua juu ya mabati, na mama akawa anazungumza peke yake ili kimya kisituzidi.

Wiki chache baadaye, Jumapili baada ya misa, mwanamke mmoja alibisha hodi akiwa na kikapu cha viazi kichwani. Baba alipomwona alisimama ghafla, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Alikuwa Mama Divine.

"Dokta, mi nimekuya kukuona," alisema baada ya kuketi. "Kule hospitali wanasema we haucheki tena."

"Mama Divine, nisamehe," baba akajibu kwa sauti ndogo.

"Nikusamehe nini? Mi nilikuwa pale, niliona yote. Mutoto alikupenda. Ukifika asubuhi, alikuwa anatengeneza nguo yake vizuri juu yako, ili umuone muzuri."

Baba akalia. Sikuwa nimewahi kuona hivyo. Mama Divine hakumnyamazisha. Alivuta kiti chake karibu, naye akalia polepole, huku mama akienda kubandika viazi. Tulivila kwa chumvi, sote pamoja, na baba akaomba aongezewe.

Baba alifariki kabla sijamaliza masomo ya udaktari. Sasa ninafanya kazi katika mji huuhuu, kwa mashine ambazo angezishangaa, na watoto wengi ambao yeye angewapoteza mimi ninawaona wakirudi shuleni. Lakini si wote. Mwezi uliopita mtoto mmoja alinifia mikononi. Baada ya zamu niliingia kwenye gari langu nikashindwa hata kuliwasha. Daktari mwenzangu, kijana wa kutoka Nyundo, nje kidogo ya mji, alifungua mlango akaketi kando yangu, tukabaki hivyo mpaka nikaweza kuondoka.

Njiani nilimfikiria baba, akishuka kilima kile kwa miguu jioni baada ya jioni, peke yake, akitafuta uso wa kuingia nao nyumbani. Natamani ningekuwa mkubwa wakati ule, nikapanda kumpokea, tukashuka wote.