Mpishi wa Wanyoa Kondoo na Blogu Iliyonyamaza

Ni saa saba na nusu mchana. Kwenye banda la kunyolea la shamba la Gidgee Vale mashine zinanguruma na kondoo wanalia. Jikoni, hatua chache kutoka hapo, Dulcie Mayfield anaufunika unga wa skonzi kwa kitambaa, anajifuta mikono kwenye aproni na kuchukua funguo za pikapu.

"Naenda kuinywesha simu," anasema, na kutoka.

Anapanda kilima cha tangi la maji, mahali pekee shambani humu penye mtandao. Huko juu anazima injini, anaiweka simu kwenye dashibodi na kungoja. Hatazami video, wala hapekui ya watu mashuhuri. Anangoja blogu anazozisoma ziingie. Zikishaingia zote anateremka, kwa sababu saa tisa wanyoaji watazima mashine na kudai chai, na mnyoaji mwenye njaa hana adabu.

Dulcie ana umri wa miaka sitini na mmoja. Ni mzaliwa wa Wilcannia, Australia, mtu wa Barkindji, kabila la wenyeji wa asili, na zaidi ya nusu ya maisha yake amekuwa akihama na vikosi vya wanyoaji, shamba hadi shamba, kwanza akifagia manyoya na miaka ya karibuni akipika. Kila mtu humwita Shangazi, hata mwenye shamba, ambaye kwa umri anamzidi.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Watu kumi na mmoja wanakaa mezani mara tano kwa siku, na kila mmoja ametoka kupambana na kondoo mzito kuliko gunia la unga. Kikosi kinaweza kumvumilia bosi mbaya. Mpishi mbaya, hata wiki haimalizi.

"Mwaka wangu wa kwanza jikoni mimi ndiye nilikuwa mpishi mbaya," anasema bila haya. "Niliwapa nyama ya kuchemsha siku nne mfululizo. Ya tano nikaamka nikakuta sufuria langu wamelitundika juu ya mti."

Aliyemwokoa ni mwanamke ambaye hajawahi kumtia machoni. Hine Paratene, maarufu kama Bibi Hine, ni Mmaori wa Te Kuiti, New Zealand, aliyewapikia wanyoaji hadi magoti yakagoma. Alipostaafu akaanza kuandika blogu: shingo ya kondoo mzee ipikwe vipi ikalainika, mkate uokolewe vipi hamira ikifa, na mnyoaji mwenye maumivu ya mgongo aambiwe nini. Jibu la Bibi Hine kwa hilo la mwisho ni kwamba asiambiwe kitu mpaka apewe kitu kitamu.

"Kila ninachojua jikoni nimekisoma kwake," anasema Dulcie. "Watu wanadhani nilifundishwa na mama. Mama alikuwa anaunguza chai."

Tatizo ni kwamba Bibi Hine huandika akijisikia. Leo ataandika, halafu mwezi mzima kimya. Kwenye mitandao ya kijamii habari yake ilikuwa ikizama kabla Dulcie hajafika kilimani.

"Ile mitandao inakuamulia," analalamika. "Mimi nataka Bibi Hine, yenyewe inaniletea paka aliyevaa kofia. Nani kaagiza paka?"

Ndipo akatafuta kisomaji. Hiyo ni programu ya simu ambayo unaipa anwani za blogu unazozipenda, nayo inazizungukia, inakusanya yaliyo mapya na kukuwekea mahali pamoja. Haikuongezei usichokiomba. Kwa mtu anayeishi kwa kuviziana na mtandao juu ya kilima, hiyo ni neema.

Lakini visomaji ni vingi, na kuchagua kulimtoa jasho. Cha kwanza kilikuwa na picha za kupendeza, ila bila mtandao kilifungua ukurasa mweupe. Cha pili kilihifadhi maneno yote ndani ya simu, akakipenda, akakijaza blogu zake, akaenda nacho kazini.

Kumbe kilikuwa na tabia moja iliyojificha kwenye mipangilio: habari isiyosomwa kwa mwezi mmoja, kinaifagia. Aliyekitengeneza bila shaka aliishi mjini, mahali ambapo mtu asiyefungua simu mwezi mzima amekufa. Dulcie alikuwa hai, ng'ambo ya mto uliofurika, kwenye shamba lisilo hata kilima, akipika kwa wiki sita.

Aliporudi kwenye mtandao, mahali pa Bibi Hine palikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Akadhani Bibi Hine ameamua kunyamaza kama kawaida yake. Msimu ulipokwisha ndipo akaona, kwenye maoni ya wasomaji wengine, watu wakishukuru kwa karamu. Bibi Hine alikuwa amewaalika wapishi wote wanaomsoma waje kwake kula chakula cha kufukiwa shimoni kwa mawe ya moto, namna ya kwao. Watu walikwenda kutoka pande zote. Mmoja alitoka Queensland.

"Nililia, sikufichi," anasema Dulcie. "Nimealikwa, halafu mwaliko umefagiwa na ufagio niliounyanyua mwenyewe. Ningechungulia tu mipangilio. Kwenye jiko jipya nachungulia kila kona kabla sijawasha moto, simu nikaiamini bure."

Kisomaji alichonacho leo alikijaribu nyumbani Wilcannia kabla ya kukipeleka kokote. Alizima mtandao, akakaa mezani na kikombe cha chai, akafungua kila blogu kuona kama inafunguka. Sura yake ni mbaya, anakiri, lakini hakifagii kitu, na kinaanza na habari ya zamani kwenda kwenye mpya, kama mtu mwenye heshima anavyosimulia.

Zipo blogu zinazotuma mistari miwili tu ya mwanzo, halafu zinakutaka uende mtandaoni kumalizia. Wenye blogu hizo Dulcie huwaandikia kwa upole kwamba aliko hakuna mtandao, waweke habari nzima. Wengi wamekubali.

"Wasiojibu nawafuta," anasema. "Kunusishwa nyama si kula."

Wanyoaji walimcheka sana na kilima chake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema, lakini Shangazi anataka cha mawinguni. Baadaye wakaanza kumletea simu zao mmoja mmoja, kwa siri, kama watu wanaokwenda kuaguliwa. Sasa karibu kikosi kizima kina kisomaji. Rangi Tuhoro, mnyoaji kutoka New Zealand mwenye mabega ya fahali, anafuatilia blogu tatu za uvuvi na moja ya kufuma sweta.

"Ya sweta ni ya mama yangu," anajitetea.

"Mwenye blogu ile huandika 'mimi na mume wangu Pierre', na baba yako si Pierre," anamjibu Dulcie akimmiminia chai. "Kunywa, mwanangu, tusikuumbue mbele ya huyu mgeni anayeandika."

Mwezi wa tatu mwaka huu, Bibi Hine aliandika habari fupi kwamba macho yanamwishia na hospitali imempangia kupasuliwa. Alimalizia hivi: nikiona tena, nitaandika. Baada ya hapo, kimya. Dulcie aliacha maoni chini ya habari ile, yasijibiwe. Kwenye kisomaji chake kila blogu ina mstari wenye idadi ya habari mpya; wa Bibi Hine ukabaki na sifuri, kilima baada ya kilima.

Rangi alimshauri aufute. "Shangazi, unajitonesha kidonda tu. Ondoa."

"Siondoi. Mtu akinyamaza mezani, humwondolei kiti."

Wiki hii mvua imenyesha. Kwenye mabanda kuna sheria ya tangu enzi: kondoo wakishukiwa kulowa, kila mnyoaji ananyoa wawili, kisha wanapiga kura ya siri kwa vikaratasi. Wakisema wamelowa, kazi inasimama, na siku hiyo hakuna anayelipwa. Dulcie haruhusiwi kusema neno kabla ya kura. Msimu uliopita aliwasomea wakati wa kifungua kinywa blogu ya mfugaji mmoja wa upande wa magharibi aliyeapa kwamba mvua inakuja. Wakapiga kura ya kulowa, na kufika saa nne jua lilikuwa linachoma visogo. Mwenye shamba hajasahau.

Safari hii mvua ilikuwa ya kweli, na kura ikawa ya kulowa siku mbili mfululizo. Wanaume wasio na kazi hula kuliko wenye kazi, kwa hiyo jiko halikupoa. Njia nyekundu ya kwenda kilimani ikawa uji, pikapu haisogei, na goti la Dulcie halipandi mlima kwa miguu. Kila wakati alipoigusa simu aliirudisha mfukoni.

Siku ya pili, Rangi aliweka karata zake mezani, akavaa koti la mvua na kunyoosha mkono.

"Lete simu, Shangazi."

"Utateleza uvunjike shingo, nimwambie nini Pierre?"

"Lete."

Alirudi na matope hadi mapajani, simu ameifunga ndani ya mfuko wa mkate. "Imekunywa," alisema. "Sijachungulia."

Mstari wa Bibi Hine ulikuwa na moja.

Dulcie hakuufungua papo hapo. Alinawa mikono, akaifuta, akakaa. Mwandishi wa makala haya alikuwepo, na anaweza kusema kwamba jikoni mle hakuna aliyegusa karata. Kisha akasoma kwa sauti. Jicho moja limefunguka, aliandika Bibi Hine, la pili ni vivu kama marehemu mume wangu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi nafukia chakula tena. Waliokosa mara ya kwanza waje, shimo ni lilelile.

Alipomaliza, alisimama na kuanza kumenya viazi. Mwezi wa kumi ni katikati ya msimu, na mpishi anayeondoka katikati ya msimu ameacha kikosi na njaa. Hajawahi kufanya hivyo, na alisema hatafanya.

"Hilo si la kuamua wewe," alisema Merv Castles, kiongozi wa kikosi, mtu ambaye kwa siku husema maneno ya kuhesabika. Akachana bahasha kuukuu vipande vipande na kuvua kofia. "Tupige kura. Kalowa, au mkavu."

Shangazi akilowa, kazi yake inasimama wiki nzima. Akiwa mkavu, anabaki. Kikosi chote kilipiga kura, hata anayefagia manyoya. Merv alihesabu kwa uso wa hakimu: kalowa kumi, mkavu mmoja.

"Mkavu ni nani?" aliuliza Dulcie, machozi tayari yamemlenga.

"Kura ni ya siri," alijibu Rangi, skonzi tele mdomoni.

Merv anasema watakula mayai wiki hiyo. "Hatutakufa. Tutakonda kidogo."

Dulcie hajawahi kuvuka bahari. Fomu za pasipoti ameshajaza, na anapanga kumpelekea Bibi Hine sufuria lile lililotundikwa mtini, ambalo bado analipikia. Anataka pia kuanza blogu yake mwenyewe, kwa ajili ya yule mpishi mpya ambaye hivi sasa, mahali fulani, anachemsha nyama kwa siku ya nne. Ameipa jina Unga na Vumbi, na habari ya kwanza ataiandikia jikoni kwa Bibi Hine.

Bado haina hata neno moja. Lakini jioni ile, mvua ikigonga mabati, alizunguka meza akikusanya vikombe na simu, akaingiza anwani ya blogu hiyo kwenye visomaji vya wanyoaji wote. Katika kila simu sasa kuna mstari mpya wenye sifuri.

"Msiufute," aliwaambia. "Hata nikichelewa."