Mdogo Wangu na Kifaa cha Kupima Jua

Mdogo wangu alizaliwa na ualbino. Nyumbani kwetu Mtanda, mama alimshonea magauni ya mikono mirefu na kumkataza kutoka nje mpaka alasiri. Alipokua akaolewa na mkulima wa korosho, na korosho zikidondoka hazisubiri jua lishuke. Kidonda kikamtokea nyuma ya sikio.

Wakati huo nilikuwa ughaibuni, pamoja na wahandisi wenzangu, tukibuni kifaa cha kufungwa kwenye setilaiti. Kazi yake ni kupima miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana lakini inayochoma ngozi. Miale hiyo ikigonga hewa na vumbi, sehemu yake hubaki ikitikisika mwelekeo mmoja tu, na hiyo ndiyo tuliyoitaka, maana huonyesha hewani mna nini. Mimi nilipewa kichujio, kioo chembamba cha kuipitisha hiyo na kuzuia nyingine.

Nilipokuja likizo nilimkuta kwa mama, shingo imefungwa bandeji, ametoka kutibiwa saratani ya ngozi Dar es Salaam. Nikamweleza kazi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kaka, kikishapima, jua litapungua?"

"Halipungui. Tutajua tu linachoma wapi zaidi, na kwa nini."

Akafikiri. "Basi kipime vizuri. Ukweni nikikaa kivulini wananiita mvivu. Labda kifaa chako watakiamini."

Niliporudi kazini tulikiweka kichujio chini ya taa kali ya miale ileile. Kikafifia, kikawa na ukungu kama jicho la mzee. Tulikuwa bado tunabishana tuanze upya vipi mama aliponipigia simu.

"Mwanangu, mdogo wako ametangulia. Tunamzika leo baada ya adhuhuri. Hutawahi."

Nilifika matanga yamekwisha anuliwa. Shemeji yangu alikuwa peke yake kwenye mkeka.

"Nilimwambia abaki ndani," akasema. "Akaniuliza mama yangu mimi atasemaje akimwona kivulini."

Mama yangu akamletea uji, akakaa karibu naye mpaka akaumaliza.

Kichujio cha pili, tulichokitengeneza kwa madini mengine, kimestahimili, na kifaa kinangoja kurushwa. Nilimpigia mama kumwambia. Akaniuliza kama nimekula.