Kocha Aliyepima Chuma Tu

Mlio wa chuma kikitupwa chini unanipandisha hasira mpaka leo. Hapa Nchelenge, Zambia, kuna vijana wanafanya mazoezi nyuma ya nyumba yetu, na wakianza tu, mimi nafunga dirisha. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Tulikuwa tumevuka ziwa Mweru kutoka Kongo, tukapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani, mwishowe mama akapata meza ya kuuza samaki hapa sokoni. Dada yangu Odette alikuwa mifupa mitupu, lakini gunia la samaki alilibeba akiimba. Kocha mmoja alifundisha wasichana kunyanyua uzito kwa ekseli ya gari, makopo yaliyojazwa simenti huku na huku. Akatangaza kwamba atakayewashinda wenzake atakwenda mashindanoni mjini Mansa. Odette akawa haongei jambo lingine, mpaka mezani ni Mansa tu.

Walibaki wawili, Odette na rafiki yake Mwansa, msichana mnene mwenye mapaja kama vinu. Wote wakanyanyua. Kocha akaongeza kopo dogo, dogo kabisa! Odette akashindwa, Mwansa akaweza, basi.

Mama yetu hakuwahi kupima samaki bila kupima beseni tupu kwanza. Aliposikia, akaja mbio kutoka sokoni na mizani yake ya kuning'iniza.

"Kocha, ah non! Pima kwanza hawa batoto! Mumoja mukubwa, mumoja mudogo, unabalinganisha namna gani?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mutu haiko samaki, mama!"

"Ba mayo," kocha akamwita mama kwa heshima ya Kibemba, "hapa tunapima chuma, hatupimi batu."

Mimi niliona haya, nikamvuta mama kitenge turudi nyumbani.

Odette hakugusa chuma tena. Yeye na Mwansa, waliokuwa wakila sahani moja, wakaacha hata kusalimiana.

Nilikuwa mtu mzima nilipotazama mashindano ya kweli kwenye simu. Yesu wangu! Wanyanyuaji wenyewe wanapandishwa mizani kabla ya kugusa chuma, wepesi wanashindana na wepesi, wazito na wazito. Nilitukana peke yangu chumbani. Kocha mzima, utaniambia hakujua? Mama muuza samaki aliona, yeye asione?

Odette na Mwansa hawakupaswa kushindanishwa hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na kundi lake. Wangekwenda Mansa wote wawili, kwenye gari moja, wakitaniana njia nzima.