Soipan na Muziki Usio na Kinanda

Kuna watu wanaodhani kompyuta ni kama mashine ya posho: unamimina mahindi juu, unga unatoka chini, na wewe uliyemimina huna la kujivunia. Soipan Simel amekutana nao Kitengela nzima, na kila mara damu humchemka. Angependa mmoja wao akae naye siku moja tu, aone jinsi mtu anavyomaliza saa nzima ya chakula cha mchana akitafuta mahali pa kuweka kishindo kimoja cha ngoma.

Soipan ana miaka thelathini na minne. Anauza dawa za mifugo katika duka la agrovet, na hajawahi kumiliki ala yoyote ya muziki, hata filimbi. Alipoanza alikuwa na laptopu kuukuu aliyoachiwa na mwenye duka, programu ya bure ya kutengenezea muziki aliyoitoa mtandaoni, na earphone zilizosikika upande mmoja. Vitufe vya herufi ndivyo vilivyokuwa kinanda chake: herufi moja, noti moja. Kitufe cha G kilikuwa kimekufa, kwa hivyo nyimbo zake tatu za kwanza zina pengo kwenye noti ile ile, na yeye mwenyewe huzicheka. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama video kwenye simu, akajaribu, akaharibu, akafuta, akajaribu tena, ngoma nzito kwanza, kisha besi, kisha vitu vingine vyote.

Wikendi moja alikwenda kwao Bissil akamrekodi mama yake, Ruth, akiongoza wimbo wa akina mama. Ruth ndiye huanza, wengine wakamwitikia. Soipan aliporudi akaitia ile sauti kwenye programu, nayo programu ikamwonyesha njia ya kuinyoosha, kila silabi ivutwe hadi kwenye mstari wake. Akakubali. Kwenye skrini ilipendeza sana. Mwezi uliofuata akampelekea mama asikilize.

"Huyu mgonjwa ni nani?" Ruth akauliza.

"Ni wewe, Yeyo," Soipan akamjibu, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Mimi? Mimi siimbangi hivyo. Huyu anaimba kama mbuzi amefungwa kamba."

Soipan aliona haya mpaka akakosa pa kuangalia. Alifuta kazi yote. Safari hii aliiacha sauti ya mama yake kama ilivyotoka kinywani, akaziweka ngoma kwa mkono, moja moja, akifuata pale mama anapovuta pumzi na pale anapokawia kidogo kabla ya kuachilia neno. Kazi hiyo ilimchukua wiki saba. Halafu mtu anakuja kusema kompyuta ndiyo imetengeneza!

Na mtu wa kwanza kusema hivyo alikuwa Mwalimu Gakuru, kiongozi wa kwaya ambamo Soipan alikuwa akiimba. Alisikiliza nusu dakika, akazitoa earphone masikioni kwa vidole viwili.

"Sista, hii ni ya kompyuta. Haina roho. Nani amepiga kinanda hapa?"

"Hakuna kinanda, Mwalimu. Nimepanga mwenyewe, noti kwa noti."

"Sasa kama hakuna mtu amepiga, hiyo si muziki. Hiyo ni disko."

Neno disko angelimeza. Lililomchoma ni lile lingine. Mama yake ameimba miaka hamsini, kwenye harusi na sherehe za watoto, kwa pumzi na mabega na shanga za shingoni, bila kugusa ala yoyote, na hakuna mtu Bissil aliyewahi kumwambia kwamba ule si muziki. Na huyu, aliyeamka na kukuta kinanda kimenunuliwa kwa michango ya waumini, ndiye wa kupima roho za watu?

Kisha kanisa likapanga kufungua ukumbi mpya. Wageni walialikwa kutoka kila upande, hata akina mama wa Bissil. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mpiga kinanda, Wachira, alipata kazi Illasit akahama. Mwalimu Gakuru hajui kupiga kinanda; anajua kupunga mikono tu. Alikuja mwenyewe dukani, mpole kabisa.

"Sista Soipan, ile kitu yako bado iko?"

Soipan alifurahi, na hajawahi kuficha kwamba alifurahi. Aliweka sharti moja. "Kwa ratiba muandike nani ametengeneza, na nani ameimba. Jina langu na ya mamangu."

"Hakuna shida. Hiyo ni kitu kidogo sana."

Siku ilipofika Soipan alipewa ratiba mlangoni kama mgeni mwingine yeyote. Ilikuwa imeandikwa: Muziki, Mwalimu Gakuru, kinanda. Aliisoma mara mbili, kisha akamfuata.

"Mwalimu, majina yetu iko wapi?"

"Sista, wageni wanataka kuona mtu akipiga. Tutataja baadaye. Tafadhali usituletee aibu leo."

Wakamkalisha na laptopu yake nyuma ya pazia, kando ya spika. Kinanda kiliwekwa mbele, kikapambwa kwa kitambaa cheupe, waya wake ukiwa umezungushwa kwenye mguu wa meza, haujachomekwa popote. Soipan alibonyeza, ngoma zikaanza, na Mwalimu Gakuru akafumba macho akaanza kutembeza vidole. Mabega yakacheza. Ukumbi ukapiga vigelegele. Kupitia upenyo wa pazia Soipan alimwona mama yake, safu ya tatu. Sauti ya Ruth ilipotoka kwenye spika, mama aligeuka kulia na kushoto akimtafuta binti yake. Hakumwona. Akabaki kuvitazama vidole vya yule mwanamume, ambaye sasa alikuwa ameinua uso juu kana kwamba sauti ile ya mwanamke mzee inatoka kifuani mwake.

Soipan akabonyeza kitufe kirefu cha kusimamisha.

Muziki ulikatika. Vidole vya Mwalimu Gakuru viliendelea kukimbia juu ya kinanda, sekunde moja, mbili, tatu, watu wote wakitazama, kabla hajafumbua macho.

"Sista!" akanong'ona kuelekea pazia. "Stima imeenda?"

Soipan alijitokeza mbele ya watu. "Stima iko, Mwalimu. Ni mimi nimesimamisha. Wewe endelea tu kupiga."

Hakupiga. Aliiteremsha mikono yake akaificha chini ya kitambaa.

Wiki iliyofuata kamati ilimwandikia Soipan barua ya kumtoa kwenye kwaya kwa kuliaibisha kanisa mbele ya wageni. Aliisoma akiwa dukani, amesimama. Kisha akaigeuza upande wa pili kuangalia kama kuna mahali popote wamemtaja mama yake. Upande huo ulikuwa mweupe.