Kidani cha Mejumaa

Kazi ya Mejumaa wa Kibokoni ilikuwa kushona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa sindano, na mkono wake ulijulikana hadi Makadara. Lakini heshima yake mtaani ilikuwa kidani: sarafu mbili za dhahabu za mfalme wa Wareno wa zamani, alizoachiwa na nyanyake. Bibi harusi yeyote, awe binti wa tajiri au wa mchuuzi wa Mwembe Tayari, mamake akibisha hodi tu, alivishwa kidani kile siku ya kupambwa. Mejumaa hakutaka malipo. Alisema Mungu hakumpa dhahabu ailaze sandukuni.

Mwaka wa tisini na nne ikawa zamu ya mwanawe mwenyewe, Mwanamkuu. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakaja kutazama dhahabu. Shangazi mtu, Bi Nyevu, akakichukua kidani akakisogeza dirishani. Sura ya mfalme ilikuwa ile ile, lakini chini yake sarafu moja ina herufi R, nyengine B.

"Bi Mejumaa," akasema akitabasamu, "pacha hawa hawakuzaliwa tumbo moja. Mmoja wa bandia."

Uso ukamwaka Mejumaa. Ikiwa ni kweli, si Mwanamkuu peke yake. Mabibi harusi wa mtaa mzima walivishwa uongo kwa mkono wake. Angeweza kuleta kahawa na kashata, maneno yakapita. Akapiga Bismillahi moyoni, akatuma aitwe Muhdhar, sonara wa mtaa wa pili, aje na jiwe lake la kupimia dhahabu, mbele ya wote.

Muhdhar akazisugua sarafu zote mbili juu ya jiwe jeusi, akatonesha tindikali. Mistari yote miwili iliyobaki jiweni ikazidi kung'aa: dhahabu safi. Akaeleza kwamba dhahabu ile ilichimbwa Brazili, Wareno wakitawala huko, na kila mji uliopiga sarafu ulitia herufi yake: R ya Rio, B ya Bahia.

Mejumaa akajitengeza buibui. "Mimi nimezaliwa Kibokoni, Bi Nyevu, ndugu yangu kazaliwa Makupa. Na baba yetu ni mmoja."

Kicheko kikawatoka wote, Bi Nyevu wa kwanza. Akakishika kidani kwa mikono miwili, akamfunga Mwanamkuu shingoni mwenyewe. Kisha akauliza, sauti chini, kama bintiye naye mwakani atapata kukivaa.

"Hodi yako tu," akajibu Mejumaa.