Kikohozi cha Shambani kwa Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Mnyambe, mwanangu, niliweka sikio kwenye kifua cha mdogo wangu na sikusikia kitu.

Mdogo wangu huyo aliitwa Edwini. Ndiye aliyenifuata kuzaliwa, na wakati huo sote wawili tulikuwa vijana, mimi nimemaliza shule, yeye ameiacha katikati kwa sababu ya kifua. Tangu akiwa mchanga alikuwa akikohoa. Hakikuwa kikohozi kikavu. Kilikuwa kizito, chenye maji ndani yake, kinaanzia mbali na kumalizikia kwenye mluzi mwembamba. Ukikisikia mara moja hukisahau. Alikunywa dawa za kifua kikuu mpaka akazimaliza, na kikohozi kilibaki pale pale.

Siku hiyo tulikuwa tunapuliza salfa kwenye mikorosho. Salfa unaijua, ile dawa ya ugonjwa wa mikorosho, lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa. Ukungu wa huku juu ukikutana na unga ule wa manjano, mti wa pili huuoni. Watu wamejifunga vitambaa puani, unaona macho tu yakitokea na kupotea. Mama alikuwa mbele pamoja na Mzee Chilumba, jirani yetu mwenye mashine ya kupulizia. Mimi na Edwini tulikuwa nyuma. Nikamsikia akikohoa, kisha nikasikia ameacha. Nilipogeuka, alikuwa chini.

Nikapiga magoti, nikamfungua shati, nikaweka sikio upande wa kushoto. Kimya. Nikasogeza sikio kidogo. Kimya. Nikajua amekufa. Nikainua kichwa nimwite Mama, na Edwini alikuwa amefumbua macho, ananitazama.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

Mzee Chilumba alikwishafika. Naye akainama, akaweka sikio pale pale nilipoweka mimi, na Edwini amelala anamtazama, anapepesa macho. Mzee akakaa hivyo kwa muda. Kisha akanyanyuka, akajifuta unga usoni, akamwambia Mama kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa pole msibani:

"Mama Hilda, huyu hana moyo."

Akabeba mashine yake, akaingia kwenye ukungu, akaenda zake.

Hilda ndiye mimi. Tulimkokota Edwini mpaka nyumbani. Akala uji, akaomba mwingine. Mimi nilikuwa namtazama anavyomeza, nikijiuliza ninamlisha nani.

Unajua kwetu watu wanavyosema juu ya ndondocha. Mchawi humchukua mtu akamfanyisha kazi shambani kwake usiku, na nyumbani huacha umbo tu, linalokula na kuitika jina, lakini ndani hakuna mtu. Sisi ni watu wa kanisa tangu enzi za babu zetu, na bado neno hilo lilifika kwetu kabla hata salfa haijatutoka kwenye nywele. Watu hawakumtukana Edwini. Walikuwa wapole kwake, na upole ule ndio uliotisha. Akipita njiani, maongezi yananyamaza. Kanisani, wakati wa kikombe cha ushirika, watu walijitahidi wanywe kabla yake, mpaka ikawa anapiga magoti peke yake mwisho wa safu, na padre anamwendea kama anayekwenda mbali.

Jioni moja akaniambia, "Dada, na mimi nimejaribu kuusikiliza. Nimeweka mkono hapa kushoto. Labda wanasema kweli."

Baada ya hapo ikabaki kumtafuta aliyemchukua, na haikuchukua muda. Mama alikuwa na kaka mmoja, Mjomba Alfredi, ambaye mikorosho yake ilikuwa ikizaa vizuri kuliko ya wote. Mke wake alikwishafariki, watoto hawaonekani, na shamba halina hata jani la gugu. Nani anamlimia? Watu wakaanza kusema kwamba wakipita kando ya shamba lile wanasikia kikohozi cha Edwini. Mama akaacha kumwamkia kaka yake. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo.

Mimi nilisema ni uzushi. Mpaka siku tuliyokwenda kuokota kuni, mimi na Edwini, kwenye ukungu kama ule. Tulikaa kupumzika mpakani mwa shamba la Mjomba. Edwini alikuwa ubavuni pangu, bega lake limegusa langu, anatafuna muhogo. Kikohozi kikaja kutoka katikati ya mikorosho. Kizito, chenye maji, kinaanzia mbali na kumalizikia kwenye mluzi. Kikohozi cha Edwini. Nikamgeukia nimwone mdomo. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Huyo ni mimi," akasema.

Tuliziacha kuni. Hatukumwambia Mama.

Wazee wakaamua aitwe mnyoaji. Kama hujawahi kuona, mwanangu, anayedhaniwa mchawi hukalishwa mbele ya watu akanyolewa nywele zote, akanyweshwa dawa, na tangu hapo hana tena jina zuri mahali pale. Mjomba angenyolewa. Edwini naye angenyweshwa dawa ya kumrudisha, na kila mtu alijua kwamba wako walioinywa dawa hiyo wasiione kesho yake. Mama aliposikia hilo la dawa, hakubishana na mtu. Alfajiri akatuamsha, tukapanda lori, tukateremka Masasi.

Hospitalini tulimkuta daktari mwanamke, mtu wa mbali, sauti yake ya chini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anamtazama Edwini kucha zake, maana zilikuwa zimevimba na kupinda kama migongo ya vijiko. Akaweka kipimo chake kushoto. Mkono ukasimama. Akakitoa masikioni, akakitazama kama kimeharibika, akakirudisha. Mama alinishika mkono. Nadhani alikuwa anasubiri daktari naye abebe vitu vyake aondoke.

Daktari akakipeleka kipimo polepole upande wa kulia. Akatulia. Kisha akaniita.

"Dada, njoo. Weka sikio hapa."

Nikaweka. Ulikuwa unadunda, kwa nguvu, bila haraka, mahali pasipo pake. Nisikudanganye, sikufurahi. Niliogopa zaidi kuliko siku ile ya kimya. Ilikuwa kama kubisha hodi nyumba unayoijua na kuitikiwa kutoka nyumba ya pili.

Picha ya kifua ikaonyesha moyo umeelekea kulia, na daktari akasema hata ini lake liko kushoto. Akamwambia Mama, "Hakugeuzwa na mtu. Alizaliwa hivi. Nimesoma habari za watu kama yeye. Mapafu yao hayawezi kujisafisha, ndiyo sababu wanakohoa maisha yao yote. Na jambo hili hutembea kwenye ukoo. Wewe na baba yake mlikuwa ndugu?"

"Binamu," Mama akasema. "Marehemu alikuwa binamu yangu. Kwetu hiyo ndiyo ndoa nzuri."

"Sikulaumu, Mama. Nauliza tu. Kuna mwingine kwenu anayekohoa hivi? Huyo anaweza kuwa na moyo kushoto, kama wewe na mimi. Msitafute moyo. Sikilizeni kikohozi."

Mimi na Edwini tukatazamana. Ndipo nikamweleza Mama tulichosikia mpakani mwa shamba.

Tuliporudi juu, Mama hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba. Mjomba alikuwa barazani, na alipotuona alisimama, akaweka mkono kwenye mlango kuuziba.

"Kama umekuja kunilaani, nilaani ukiwa hapo hapo," akasema.

"Nimekuja kusikiliza," Mama akamjibu. Akakaa chini, kwenye vumbi.

Tukakaa. Kuku walipita, wakarudi. Mjomba alikuwa akitokwa jasho wakati kulikuwa na baridi. Kisha ndani ya nyumba mtu akaanza kujizuia. Unajua sauti ya mtu anayejiziba mdomo? Kikohozi kikamshinda, kikatoka chote, mpaka kwenye ule mluzi wake. Edwini, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akakohoa naye, na sikuweza kujua kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

"Mtoe, kaka," Mama akasema.

Alikuwa Cesilia, binti yake, aliyelelewa Lisekese kwa ndugu za mama yake, nao pia ni wa ukoo wetu. Alirudi kwa baba yake siku zile zile Edwini alipoanza kuitwa ndondocha, na Mjomba, aliposikia yanayosemwa, alimficha asije naye akaitwa hivyo. Alimruhusu kutoka asubuhi za ukungu tu, apalilie shamba bila kuonekana. Mjomba alikuwa tayari kunyolewa kuliko kumtoa mwanawe nje.

Mama akamkumbatia yule binti, sikio kifuani, upande wa kushoto. Akasikiliza muda mrefu.

"Wako uko hapa," akamwambia. "Lakini kifua ni kile kile."

Siku ya mnyoaji watu walijaa uwanjani kwa Mjomba. Kabla kazi haijaanza, Mama akamsimamisha Edwini katikati, akamvua shati, akamwita Mzee Chilumba kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mzee. Wewe ulisikiliza kwanza. Sikiliza tena. Upande huu."

Mzee hakutaka. Wakati anasitasita, Edwini akakohoa, na kutoka mlangoni Cesilia akakohoa. Watu wote walirudi nyuma kwa pamoja, hata mnyoaji. Cesilia akatembea mbele yao akaenda kusimama kando ya binamu yake, akijitazama miguu. Ndipo Mzee Chilumba akainama, akaweka sikio upande wa kulia. Tulimwona usoni anabadilika.

"Upo," akasema. Kisha akauliza, na mpaka leo naisikia sauti yake, "Nani aliuhamisha?"

"Hakuna aliyeuhamisha," Mama akasema. "Nilimbeba tumboni ukiwa huko huko."

Mnyoaji aliondoka wembe wake ukiwa mfukoni. Nisikuambie kwamba wote waliamini. Wako waliomkwepa njiani mpaka walipokufa. Lakini Mjomba hakunyolewa, na Edwini hakunyweshwa kitu. Aliiacha salfa, akajifunza cherehani. Kila asubuhi Mama alimlaza kichwa chini, akampiga mgongo kwa viganja mpaka makohozi yatoke, kama daktari alivyotuonyesha. Jirani mpya angeweza kudhani anampiga. Aliishi akawa mtu mzima, akaoa, hakujaliwa mtoto. Mama ndiye aliyemzika.

Sasa miaka ya karibuni, nikiwa nina wajukuu, wakaja watafiti. Vijana wapole, wanachunguza magonjwa ya mapafu yasiyopona na yanayorudi katika familia zile zile. Cesilia, ambaye bado anakohoa na bado yu hai, ndiye aliyewaleta. Tuliwauliza damu waliyotaka kututoa inakwenda wapi na nani ataiona, wakatujibu bila kukasirika. Tukapuliza kwenye mashine yao mmoja mmoja. Kisha yule kijana mkubwa wao akatuonyesha kwenye kompyuta kilichochukuliwa ndani ya pua ya Cesilia. Akaeleza kwamba njia zetu za hewa zina vinywele vidogo visivyoonekana, vinapepea usiku na mchana kusukuma uchafu nje. Akatuonyesha vya mtu mzima wa afya, vinapepea. Akatuonyesha vya Cesilia. Vilikuwa vimesimama. Hakuna hata kimoja kilichotikisika.

"Vinywele vya jinsi hii hii," akasema, "ndivyo vinavyoelekeza moyo ukae upande gani, mtoto akiwa bado tumboni. Visipopepea, moyo unakwenda popote. Mwingine kushoto, mwingine kulia."

Akasema kasoro hiyo mtu huipata kwa baba na kwa mama, nusu huku na nusu huku. Mwenye nusu moja haumwi, hakohoi, anaimba kwaya mpaka uzeeni. Mama alikuwa nayo, Baba alikuwa nayo, Mjomba alikuwa nayo. Walikula pamoja, wakasali pamoja, na kitu hicho kiko ndani yao kimenyamaza. Nilipopimwa, na mimi ninayo. Nimekaa nayo maisha yangu yote. Ninapokushika kichwa hivi, mwanangu, labda na wewe unayo.

Ndiyo maana nakuita ukae unisikilize. Nyumbani kwako akitokea mtoto asiyeacha kukohoa, usimfungie ndani na usiwasubiri watu wampe jina. Mpeleke hospitali. Wakimtibu kifua kikuu na asipone, rudi, uulize tena, na useme kwamba kwenu ugonjwa huu upo. Ukipenda binti wa ukoo, sikukatazi, wala sitaki useme babu zetu walikosa. Kaeni mwulizane nani kwenu alikohoa, mkapimwe kabla ya kupangiana siku. Dawa ya kuviamsha vinywele hivyo vijana wale bado wanaitafuta, nao waliniambia kweli kwamba hawajaipata. Wakija tena, wape damu yako, uulize maswali yako. Na siku utakayosikia jambo linalokutisha, usimtafute mbaya wako kwanza. Kaa chini kama Mama alivyokaa, usikilize mpaka mwisho.

Njoo karibu nikuwekee mkono. Mungu wa wazee wetu akutangulie kila uendako. Akupe nyumba yenye kelele za watoto, akupe miaka mpaka uichoke mwenyewe, na siku ikifika wanao wakuzike wewe, usiwazike wao.